Msaada wa Serikali kwa Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mkulima wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anayesikia redioni kwamba serikali imetoa ruzuku, imetoa miche, imetoa mikopo, lakini hajui abishe hodi mlango upi. Msaada upo. Shida ni kwamba umetawanyika: mbolea iko kwa huyu, maji kwa yule, miti kwa mwingine, na kila mmoja ana fomu yake. Hapa maswali yamepangwa jinsi wakulima wanavyoyauliza, si jinsi wizara zilivyogawana kazi.

Nianzie wapi?

Ofisi ya mtendaji wa kijiji. Hata kama fedha unayoitafuta inatoka Dodoma, karibu kila fomu itarudi pale kugongwa muhuri, kwa sababu mtendaji ndiye anayethibitisha kwamba unaishi pale na unalima pale. Anayekwenda moja kwa moja wilayani mara nyingi hurudishwa kijijini kufuata barua, na nauli imeshaliwa.

Baada ya mtendaji, mtafute afisa ugani wa kata, yule ambaye wengi bado tunamwita bwana shamba au bibi shamba. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchi nzima ili wawafikie wakulima. Kumwomba afike shambani kwako si kumsumbua. Halafu ndipo ije halmashauri ya wilaya, yenye wataalamu wa kilimo, mifugo, ardhi, misitu, mazingira na maendeleo ya jamii.

Nenda na namba ya NIDA, ukubwa wa shamba lako kwa ekari, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Hili la simu lina uzito. Wazee wengi hutoa namba ya kijana wao aliyeko Dar es Salaam. Ujumbe wa ruzuku unakwenda huko, kijana hausomi au anadhani ni matapeli, na mzee anakaa akisubiri hadi mvua zinaanza.

Ruzuku ya mbolea naipataje?

Mpango wa sasa ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Nane Nane mwaka 2022, hapahapa Mbeya, kwenye viwanja vya John Mwakangale. Wakati huo mfuko wa kilo 50 wa DAP au UREA ulikuwa umepita shilingi 100,000, na ruzuku ikaushusha hadi karibu 70,000. Baadaye ruzuku ikaingia pia kwenye mbegu za mahindi. Bei elekezi hutangazwa kwa msimu na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, kwa hiyo usibishane na wakala kwa bei ya mwaka juzi.

Unajiandikisha kijijini kwenye daftari la wakulima: jina, NIDA, simu, eneo, zao. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo, nawe unapata namba yako ya mkulima. Ukienda dukani kwa wakala aliyesajiliwa, unataja namba hiyo, anaitafuta kwenye mfumo, unalipa bei ya ruzuku, anakupa mfuko na risiti. Hakikisha mfuko umeshonwa vizuri na haujafunguliwa. Kuandikishwa ni bure.

Mifuko unayoruhusiwa kununua inategemea ekari ulizoandikisha. Kuna wanaoongeza ekari wakidhani ni ujanja. Usifanye hivyo, mbolea ya ziada huishia kuuzwa kwa magendo, na jirani yako anakuta duka tupu mwezi Desemba.

Nilijiandikisha msimu uliopita. Mbona wakala anasema jina halionekani?

Huenda hukuhuisha taarifa zako. Kila msimu mkulima anatakiwa kurudi kwa mtendaji athibitishe kama bado analima eneo lilelile na zao lilelile. Sababu nyingine ni tarakimu ya NIDA iliyokosewa au simu iliyobadilishwa. Wakala hawezi kurekebisha lolote kati ya hayo. Rudi kijijini, tena mapema: mvua zetu zinaanza kati ya Novemba na Desemba, na mwezi Novemba foleni ya wanaorekebisha taarifa huwa ndefu kuliko ya wanaonunua. Kati ya Julai na Septemba ofisi hazina watu wengi.

Shamba si langu, nimekodi. Nina haki?

Ruzuku inamlenga anayelima. Nenda na makubaliano ya kukodi yaliyoandikwa, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, yenye sahihi ya mwenye shamba na mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Bila karatasi, ekari zilezile huweza kuandikishwa na wewe na pia na mwenye shamba, na mvutano huo hauishi vizuri.

Natumia mbolea kila mwaka lakini mahindi hayaongezeki. Kuna msaada gani?

Hili ndilo swali ningependa liulizwe zaidi ya yote, kwa sababu fedha nyingi za wakulima zinapotelea hapa.

Udongo wa maeneo mengi ya nyanda zetu una tindikali. Mvua nyingi husomba madini yanayoipunguza, na mbolea za chumvichumvi kama SA na UREA zikitumika miaka mingi mfululizo huiongeza. Tindikali ikizidi, fosforasi uliyoinunua kwenye DAP hushikwa na udongo; mzizi unaipita bila kuipata. Mkulima anaona mahindi yana rangi ya zambarau kwenye majani, anadhani mbolea haikutosha, anaongeza mfuko mwingine.

Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, hufanya kazi ya udongo na mazao ya nyanda hizi, hasa mahindi, maharage na viazi mviringo. Muulize afisa ugani wako kama ana kifaa cha kupimia. Baadhi ya kata zimepewa. Kama hana, peleka sampuli Uyole. Chukua udongo sehemu nyingi za shamba kwa mwendo wa kukata kona, kina cha sentimita 20 hivi, usichukue penye majivu, kichuguu wala samadi iliyolundikwa. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki ambayo haikuwahi kubeba mbolea, toa kama kilo moja, anika kivulini, andika jina, kijiji na zao.

Wakikuambia uweke chokaa ya kilimo, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, usiimwage juu siku ya kupanda. Mawe ya chokaa yanachimbwa Songwe, kwa hiyo gharama kubwa huwa ya usafiri. Kikundi kinachojaza fuso moja kwa pamoja kinalipa nauli ndogo kuliko kila mtu kubeba mifuko miwili kwenye basi.

Mikopo isiyo na riba ni ya nani?

Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejea 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo maelezo uliyopewa miaka ya nyuma yathibitishe upya. Wanawake na vijana huomba kwa kikundi cha watu wasiopungua 5. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Anayeshughulika na haya ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na maombi hupitia mfumo wa kompyuta, kwa hiyo kikundi kiwe na cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki na namba za NIDA za wanachama wote.

Kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba hujulikana. Anzeni na hisa na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, muwe na daftari la mihtasari lenye tarehe.

Mwanamume aliyevuka umri wa vijana na hana ulemavu hana fungu hapo. Kwake kuna Mfuko wa Pembejeo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, unaokopesha pembejeo, matrekta na zana. Kuna pia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, iliyozinduliwa 2015. TADB huwadhamini wakulima wadogo kwenye benki za kawaida. Ukienda kwenye benki ya wilayani kwako, uliza waziwazi kama mkopo wa kilimo unaweza kuingia kwenye dhamana ya TADB, maana karani wa dirishani si lazima akukumbushe.

Hati ya kimila inasaidia nini?

Inaonyesha mpaka wako, inapunguza kesi, na baadhi ya wakopeshaji huipokea kama dhamana. Inatolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: majirani wanasimama mpakani, shamba linapimwa, halmashauri ya kijiji inaridhia, mwenyekiti na mtendaji wanasaini, na hati inasajiliwa wilayani. Kijiji kiwe na cheti chake cha ardhi na masjala. Penye mpango wa matumizi bora ya ardhi kazi huenda haraka zaidi. Mama, hakikisha jina lako limo. Shamba la familia linaandikwa kwa majina ya wote wawili, na wakati wa kusema ni pale mpakani, siyo baada ya msiba.

Nalima vinyungu, bustani za kiangazi, bondeni. Nimeambiwa nihame mita 60. Je, ni kweli?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Hilo ni kweli na linatekelezwa.

Ni kweli pia kwamba vinyungu vimesomesha watoto wengi wa Iringa na Njombe. Mahindi mabichi, maharage na mboga za kiangazi ndizo fedha za ada ya Januari. Mtu anayemwambia mkulima aondoke bondeni bila kumwonyesha pa kwenda hajafanya kazi yake yote, na mkulima ana haki ya kuuliza, kwa heshima, lakini kwa sauti ya kusikika kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kwa nini mita hizo zinahesabiwa? Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya Usangu na kulisha bwawa la Mtera, ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi miaka ya mwanzo ya 1990. Maji ya Usangu hayaanzii Usangu; yanatoka kwenye mabonde ya milima inayouzunguka, Uporoto na Kipengere, na vyanzo vidogo ambavyo kila mmoja anaona ni vya kwake. Bonde likichimbwa mifereji na kukaushwa, halihifadhi tena maji ya masika kwa ajili ya Oktoba.

Unachoweza kuomba ni hiki. Kwanza, afisa mazingira wa halmashauri aje apime na kuweka alama, ili ujue mita 60 zinaishia wapi. Wengine wameacha shamba zima wakati robo tu ndiyo ilikuwa ndani. Pili, jiunge na jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lako, maana huko ndiko mgawo wa kiangazi hupangwa. Tatu, omba miche ya miti rafiki wa maji kwa ajili ya ukanda unaouacha. Wazee wanaijua mivengi; penye mivengi maji hayakauki. Nne, kikundi kiandike maombi ya mradi mdogo wa kupandisha maji hadi nje ya mita 60. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inahusika na skimu, na maombi yanapitia halmashauri. Skimu si kazi ya mwaka mmoja, lakini kijiji ambacho hakijaandika hakipo kwenye orodha.

Pampu ya maji inahitaji kibali?

Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, hapana. Kuweka pampu, kuchepusha mto au kuchimba mfereji wa umwagiliaji, ndiyo, na kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde lako chini ya sheria ya mwaka 2009.

Bonde halifuati mipaka ya mkoa. Mkoa wa Mbeya peke yake uko kwenye mabonde matatu: Mbarali inamwaga Rufiji, Chunya inamwaga Ziwa Rukwa, Rungwe na Kyela zinamwaga Ziwa Nyasa. Kuwa mwangalifu ukisema unatumia Mto Songwe, kwa sababu iko miwili: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine ndio mpaka wetu na Malawi unaoingia Nyasa. Bodi ya Rufiji ina makao yake Iringa, ya Rukwa yako Mbeya mjini. Kama hujui uko bonde gani, mhandisi wa maji wa wilaya anajua.

Miche ya miti ya bure ipo?

Ipo, hasa kabla na wakati wa mvua. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una mashamba makubwa kwetu: Sao Hill kule Mufindi, Kawetire Mbeya, Kiwira Rungwe. Sao Hill imekuwa ikigawa miche kwa vijiji na taasisi zinazoizunguka. Barua ya kijiji au kikundi ipelekwe mapema, Agosti au Septemba, ikitaja idadi na eneo la kupanda. Mfuko wa Misitu Tanzania nao hutoa ruzuku kwa vikundi na watu binafsi wenye miradi ya kupanda miti, kuhifadhi misitu au kufuga nyuki. Fuatilia tangazo lake la kupokea maandiko ya miradi.

Mipaini na milingoti (mikaratusi) ni mali, hakuna ubishi, lakini mlingoti usiupeleke kwenye chemchemi. Vijiji vingi vina sheria ndogo inayokataza, na hata pasipo na sheria, chemchemi ikikauka huwezi kuirudisha kwa kuukata. Ukipanda, acha barabara za kuzuia moto tangu mwanzo. Moto wa Septemba na Oktoba umemaliza mashamba ya watu waliokuwa wamebakiza mwaka mmoja kuvuna. Wakati wa kuvuna, hata kama mti uliupanda mwenyewe, mbao hazisafirishwi bila hati ya kusafirishia ya TFS. Mwone afisa misitu wa wilaya kabla ya kuita mashine.

Shamba langu liko mteremkoni na udongo unakwenda na maji. Nani atanisaidia?

Afisa ugani anaweza kukupimia mistari ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, kwa fremu ya mbao yenye umbo la A, kifaa ambacho fundi wa kijijini anakitengeneza. Baada ya hapo ni jembe lako: makingamaji, na juu yake majani ya tembo ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Ukipata nafasi ya kufika Mbinga, tazama ngoro za Wamatengo, mashimo ya miraba yanayoshika maji mlimani. Wazee wao walilima miteremko mikali hivyo kwa vizazi, na mashamba bado yanazaa.

Kwa mmomonyoko unaogusa kijiji kizima, TASAF imekuwa ikizilipa ujira kaya zilizo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini kwa kazi za jamii kama makingamaji, vitalu vya miche na malambo. Kazi ipi ifanyike huibuliwa na wanakijiji wenyewe. Mkisema barabara tu, korongo litabaki.

Tembo wamekula mahindi. Kuna fidia?

Kuna kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi mtu akijeruhiwa au kufariki, kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2011. Haikaribii thamani ya mazao yako, na kiasi kinategemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Wakulima wa Idodi, Pawaga na Mbarali wanalijua hili kwa uchungu. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mtendaji, piga picha nyayo na uharibifu, usivune wala kulima upya kabla afisa wanyamapori na afisa kilimo hawajafanya tathmini. Tathmini ikikosekana, hakuna cha kulipa.

Na ndege waharibifu, kwelea kwelea, kwenye mpunga?

Ripoti mahali wanapolala, siyo wanapokula. Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa anahitaji kujua mazalia na malalo yao. Piga simu kwa afisa kilimo mara unapoona kundi la kwanza.

Kampuni inataka kijiji kisaini mkataba wa hewa ya kaboni. Tusaini?

Msisaini siku hiyo. Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza misitu inayofyonza hewa ya ukaa, ina kanuni za mwaka 2022, na miradi husajiliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro. Waulizeni wana usajili gani, mkataba ni wa miaka mingapi, kijiji kinabaki na asilimia ngapi, na kama mtaruhusiwa kuokota kuni. Mwanasheria wa halmashauri ausome kwanza. Uamuzi ni wa mkutano mkuu wa kijiji, si wa mwenyekiti na wajumbe wawili hotelini.

Nimeombwa hela ili jina liingie kwenye orodha.

Kuandikishwa kwa ruzuku hakulipiwi, na fomu ya mkopo wa asilimia 10 haiuzwi. Penye ada halali, kama ya kibali cha maji au hati ya kusafirishia mbao, unapewa namba ya malipo ya serikali na unalipia benki au kwa simu. Anayetaka fedha mkononi au kwenye namba yake binafsi, ripoti TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo.

Nimeomba na miezi imepita kimya. Nifanyeje?

Omba kwa barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila nakala huna cha kuulizia. Kukiwa kimya, peleka nakala kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, kisha uliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kufanyika kila miezi mitatu, na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari. Kumbuka pia mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla. Ombi la mradi linalofika Mei linasubiri mwaka unaofuata, na lile lililofika Oktoba ndilo linalojadiliwa.